Kati ya Finse na Hallingskeid

"Ukitaka kurudi, rudi," baba alimwambia mama. "Ragnhild anaendelea na mimi," akaongeza, akinielekezea kidole.

Tulikuwa tumesimama juu ya skii zetu, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, mwendo wa saa moja kutoka stesheni ya Finse. Upepo ulikuwa umeanza kufukia matawi yaliyochomekwa thelujini kuonyesha njia. Mpango ulikuwa wa baba: tushuke kwenye treni ya asubuhi, tuvuke mlima hadi Hallingskeid, tupande ya jioni kwenda kwa bibi yangu, mjini Bergen. Kila Pasaka alikuwa na mpango, na kila Pasaka mama aliufuata.

"Eivind, huoni hali ya hewa? Au mpaka tufe ndiyo uamini?"

"Vumbi tu la theluji hilo, Gunvor. Wewe kulalamika hukuanza leo."

Mama aligeuza skii zake, akaanza kuteremka kurudi Finse. Baba akanitazama, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda. "Haya, mwanangu."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimfuata mama.

Kutwa nzima katika chumba cha kungojea sikuweza kukaa. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Nje hapakuwa na mlima wala mbingu, weupe tu. Mama alimweleza mkuu wa stesheni, naye akapiga simu Hallingskeid, akajibiwa kwamba hakuna aliyefika.

Tulipanda treni ya jioni. Hallingskeid ni stesheni iliyofunikwa paa refu la kuzuia theluji, giza mchana kutwa. Treni iliposimama nilikimbilia mlangoni. Jukwaa lilikuwa tupu.

"Funga mlango, binti, tunaondoka," kondakta alisema.

"Baba yangu bado!"

Ndipo akatokea mwisho wa jukwaa, akiburuta skii moja, ndevu zake barafu tupu. Alipanda, akatupita, akaketi peke yake viti vinne mbele. Mama alifumba macho. Kufikia kiangazi baba alikuwa amehama.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, nilipothubutu kumuuliza baba kuhusu siku ile. Alikuwa akimenya viazi jikoni kwake.

"Niligeuka mara tatu," alisema, bila kuinua kichwa. "Nyinyi hamkugeuka hata mara moja."

Nilichukua kisu kingine, nikamsaidia. Sikumwambia kwamba nilikaza macho mgongoni kwa mama njia nzima, kwa kuwa ningegeuka nikamwona baba, ningemfuata yeye.