Sentimita Mia na Ishirini

Saa tisa kasoro dakika tano alasiri, mkaguzi wa makazi alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa fundi cherehani, akipapasa sakafu. Ilikuwa kavu. Alikuwa na siku tatu za kuipa alama wilaya nzima ya pwani, ijulikane kama inafaa watu kuhamia, kujenga na kulima. Roho yake ilikuwa juujuu tangu asubuhi, kwa sababu kiwanja cha jirani, chenye nyumba tayari, kilikuwa kimetolewa macho na mdogo wake, mwenye mke na mtoto wa miezi minne.

Saa tisa ilipotimu, fundi alimwomba asogee kidogo. Viti viliinuka polepole mpaka usawa wa kifua, vikakaa hapo vikiyumbayumba. Ndoo ilifuata, kisha kandambili. Cherehani, kwa kuwa ni chuma, ilibaki chini. Maji hayakuwapo.

Fundi alieleza, uzi ukiwa mdomoni, kwamba vitu huelea hivyo kila siku hadi saa kumi, na kwamba mwaka jana viliishia magotini. Siku hizi kitanda hufungwa kamba na unga huwekwa darini.

Mkaguzi alipima mara tatu. Sentimita mia na ishirini. Fomu ilikuwa na kisanduku cha kina cha maji tu, kwa hiyo alimpigia simu mkuu wake.

"Sakafu imelowa?"

"Haijalowa, mzee. Ila viti vina—"

"Fomu haiulizi viti. Andika kavu, unitumie picha sasa hivi."

Aliandika kavu, akajichukia. Ikabaki sehemu ya kujiandaa na maafa. Vyombo vimefungwa? Ndiyo. Chakula kimewekwa juu? Ndiyo. Ngazi ya kupandia paani? Zilikuwa mbili. Alipojumlisha alipata tisini na sita kwa mia, na hakuna mtaa uliokuwa umewahi kufika huko. Akatia sahihi, akatuma.

Jioni alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Hata kiti hakukalia. Alimsimulia yote, viti, ndoo na kandambili, akamsihi asikiguse kile kiwanja. Mdogo wake alimsikiliza hadi mwisho huku akimbembeleza mtoto.

"Nimeshalipa, dada. Saa kumi na moja wauzaji walinionyesha fomu yako. Nilipoona sahihi yako, sikuuliza kitu kingine."

Siku ya kuhama mkaguzi alifika wa kwanza, na kamba mpya begani. Alifunga meza, akafunga makabati, kitanda cha mtoto akakifunga mafundo manne. Wifi yake alimshukuru, akasema bahati iliyoje kuwa na mtu wa serikali ndani ya ukoo.

Saa tisa kitanda hicho kilipanda na mtoto ndani, anacheka, kamba zikakaza. Mkaguzi alitoa futi yake. Sentimita mia na ishirini na moja. Aliongeza fundo la tano.