Mke wa Mtu Aliye Chini

Siku ya nne niliacha kujinusa. Si kwamba nilikuwa nimetakata. Pua ilichoka kulalamika, ikaniacha na mwili wangu jinsi ulivyo. Nilikuwa nimeketi juu ya gunia la mchanga, hatua kumi kutoka kwenye mdomo wa duara, shimo letu la dhahabu, miguu imegandwa na tope jekundu hadi magotini, kichwani kitambaa kilekile nilichokifunga Alhamisi asubuhi. Ndani ya shimo lile, mita arobaini kwenda chini, alikuwamo mume wangu, Mboje. Wenzake watatu walitoka mbio magogo ya kuzuia mwamba yalipoanza kulia. Yeye alikuwa wa nyuma, na kifusi kikamkuta njiani.

Wachimbaji wa duara letu walikuwa na sheria yao, ambayo sikuwahi kuisikia kwingine. Mke wa mtu aliye chini hagusi maji. Haogi, hafui, haoshi chombo, hanawi hata mikono, kwa sababu kila tone atakalomwaga huku juu litamfuata mumewe kule chini na kulainisha mwamba. Akigusa, wanaume wanaofukua wanatoka na hawarudi tena. Usinicheke. Nimesoma hadi darasa la saba kwetu Bariadi na nilikuwa wa tatu darasani. Lakini mtu wako akiwa chini, hata ungeambiwa usimeze mate, usingemeza.

Nikikikumbuka kijiji chetu cha Kewanja cha miaka ile, roho yangu hulegea. Siku hizi kila nyumba ina bati jipya na geti la chuma, na jirani unamjua kwa honi ya pikipiki yake. Wakati ule tulipanga vyumba vya udongo vilivyopakana, Msukuma huku, Muha kule, Mkurya mwenye eneo lake katikati, na ukipika dagaa, watu sita walijua na wawili walikuja. Mboje akitoka kazini Jumamosi aliniletea muwa ambao ameshaumenya kwa meno yake mwenyewe, kana kwamba mimi ni kibogoyo. Siku moja nikamwambia, “Baba, mpaka mate yako nile?” Akacheka hadi akakohoa vumbi. Nilimpenda mno mtu yule, na sijui kwa nini watu huona haya kulisema hilo juu ya mume.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mjane wa Kijaluo, jina lake Abonyo, ila wote tulimwita Mama Odoyo. Odoyo ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee. Alivuka mpaka wa Sirari kwenda kutafuta maisha Migori, na mwaka wa sita ulikuwa unakatika bila ya yeye kurudi hata kumjulia mama yake hali. Mama Odoyo alikuwa shemasi katika kanisa la Mennonite pale kijijini, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamuru mbuzi. Nilimwogopa, na kwa sababu nilimwogopa nilikuwa mwepesi wa kumjibu.

Wiki mbili kabla ya msiba wangu tuligombana kisimani. Alinikuta nimetia ndoo yangu yenye masizi, akafoka mbele ya wanawake wote, “Ninyi watu wa kuja mnatuchafulia kijiji!”

“Na wewe ulizaliwa hapa?” nikamjibu. “Si umeletwa na mume kutoka Rorya kama mimi nilivyoletwa kutoka Bariadi?”

Hapo ningenyamaza ningekuwa nimeshinda. Lakini mdomo wangu, Mungu ausamehe, ukaendelea wenyewe. Nikamwambia, “Ndiyo maana hata Odoyo wako amekukimbia.”

Wanawake wakaacha kuteka maji. Mama Odoyo alichukua ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka. Tangu siku ile tulipishana uani bila hata shikamoo.

Sasa hiyo Jumapili, siku ya nne, nikiwa pale juu ya gunia, nikamwona anapanda kilima na gauni lake jeupe la kanisani. Mkono mmoja ameshika beseni, mwingine kidumu cha maji, na taulo ipo begani. Nilidhani macho yangu yameanza kuchoka kama pua.

“Shikamoo,” nikasema.

“Marahaba. Usifikiri nimekuja kukupa pole,” akasema, akihema. “Pole nitakupa kesho. Leo nimekuja kwa shida yangu.”

Akanieleza akiwa amesimama. Kanisani kwao, kabla ya kushiriki Meza ya Bwana, waumini hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Mwenye ugomvi na mtu haijongelei Meza mpaka ameumaliza. Asubuhi ile wanawake wote walikuwa wamepata wenzi. Yeye alikataa kila aliyemwinamia.

“Nilikuita mtu wa kuja,” akasema. “Kumbe nilijisahau mwenyewe. Lete miguu nikuoshe, unisamehe, nirudi wakati bado wanaimba.”

Jamani! Tangu Alhamisi nilikuwa nimepewa pole mpaka zikawa zinanipita tu masikioni, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameniomba kitu. Mtu akiwa na msiba huwa kama kiti, kila mmoja anamzunguka. Na huyu hapa, bibi niliyemtukana, amepanda kilima akinihitaji mimi. Machozi yalinitoka ambayo hayakuwa ya Mboje.

Kabla sijamjibu, Emanuel, msimamizi wa duara, akapiga kelele kutoka kwenye winchi. “Mama! Weka mbali hayo maji! Huyo akilowa tu, watu wangu wote wanapanda juu!”

Mama Odoyo akamtazama, akanitazama mimi, akayatazama matope yaliyokauka miguuni pangu. Alielewa.

“Ataoga lini?” akauliza.

“Mtu wake akitoka.”

“Haya. Basi nangoja.”

“Na Meza je?” nikamuuliza.

“Itapita. Itakuja nyingine.”

Akalifunika beseni kwa kanga, akakaa chini kwenye mchanga na gauni lake jeupe. Nilitegemea atakaa nusu saa. Alikaa mchana wote. Jua lilipozidi alisogea ili kivuli chake kiniangukie. Jioni Modesta wa chapati alituletea uji, na kwa kuwa sikuruhusiwa hata kushika kikombe chenye unyevu, Mama Odoyo alininywesha kwa mkono wake, akinifuta kidevu kwa upindo wa kanga na kunigombeza kwamba nameza haraka. Kila baada ya muda alifumba macho na kusema, “Bwana, tupo hapa.” Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake yote. Mimi, niliyeahidi mbingu kila kitu tangu Alhamisi, nilianza kuisema naye, na kwa mara ya kwanza katika siku nne nikapata usingizi, kichwa changu kikiwa kwenye paja lake.

Jumatatu kulipokucha alikuwa pale pale. Alikuwa amevua viatu vyake vya kanisani, na nikaiona miguu yake: imevimba, vidole vimepandana, kisigino kimechunika mpaka nyama ikaonekana. Alikuwa ametembea na viatu vile kutoka kanisani mpaka kilimani, akalala navyo, bila kulalamika.

“Mama,” nikasema, “lile neno la Odoyo.”

“Liache.”

“Sitaliacha. Lilikuwa neno baya. Nilitaka likuume.”

“Liliniuma,” akasema. Alisema hivyo tu, bila hasira.

Unaweza kudhani nilisahau sheria. Sikusahau. Nilijua kabisa ninachofanya, na nilijua Emanuel yuko hatua chache tu kutoka hapo. Lakini nilikuwa nimechoka kumlinda Mboje kwa uchafu wangu. Kumfanyia mtu aliye mbele yangu lililo jema, hilo nililiweza. Nikaondoa kanga kwenye beseni, nikaushika mguu wa kushoto wa Mama Odoyo, nikauingiza majini, nikauosha. Yeye hakunizuia. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu, akasema kwa Kijaluo maneno ambayo sikuyaelewa na ambayo hakuwahi kunitafsiria.

Nilikuwa na mguu wa pili mikononi, kelele ziliposikika kutoka shimoni. Winchi ikazunguka. Walimtoa Mboje akiwa amefungwa kwenye turubai, na jinsi wale wanaume walivyovua kofia zao, sikuhitaji kuambiwa.

Nikapiga yowe, nikakimbia kwenda kwake. Emanuel akaniona mikono inachuruzika maji. Akaliona beseni.

“Umemuua!” akapiga kelele. “Tulikuwa tumebakiza mkono mmoja tu kumfikia, wewe mwanamke umemuua!”

Watu walikuwa wengi kilimani, labda arobaini, na wengine walikuwa wameokota mawe. Nilipiga magoti. Nami papo hapo niliamini. Niliitazama mikono yangu nikaona nimemuua mume wangu.

Ndipo Mama Odoyo akapita mbele yangu pekupeku, mguu mmoja msafi, mwingine una mchanga.

“Maji nimeleta mimi,” akasema kwa ile sauti ya kuamuru mbuzi. “Alikataa. Nikamshika mikono kwa nguvu, nikaitumbukiza. Hana kosa. Mwenye la kusema aniambie mimi, na mwenye jiwe anirushie mimi.”

Hakuna aliyerusha. Lakini walimtemea mate chini, na kwa miezi mingi wachimbaji waliokuwa wapangaji wake walihama mmoja mmoja.

Hospitalini Tarime daktari aliniita pembeni, akaniambia kwamba Mboje alipigwa na jiwe kichwani na kufa siku ile ile ya Alhamisi, pengine kabla vumbi halijatulia. Siku zile zote nilikuwa namlinda mtu aliyekwisha kwenda. Tulimzika kwao Bariadi. Niliwaeleza shemeji zangu maneno ya daktari, wakaitikia kwa adabu, kisha wakaendelea na habari ya maji, maana ilikuwa tayari ina mkosaji wake: bibi mmoja wa Kijaluo huko Kewanja. Mimi hakuna aliyenitupia hata neno. Nililala matangani kwa amani ambayo mwingine alikuwa anailipia.

Baada ya arobaini nilirudi Kewanja kuchukua vyombo vyangu. Nilimkuta Mama Odoyo anaanika muhogo. Nikamwambia habari ya daktari, nikifikiri atafurahi, ameondolewa mzigo.

Aligeuza vipande vya muhogo, kimoja kimoja, kwa muda mrefu.

“Kumbe,” akasema. “Basi kilichobaki ni ule uongo wangu. Jumapili nitautubu.”

“Mama, si ulikuwa unanisaidia?”

“Nilikuwa nakusaidia. Na nilidanganya. Yote mawili niliyafanya mimi.”

Jumapili ile gari la kwenda Bariadi lilikuwa linaondoka saa nne. Nilipita kanisani kumuaga tu, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango, begi likiwa kwenye miguu yangu. Mama Odoyo alisimama mbele, mikono imeshikana, akasema kwamba amedanganya mbele ya umati, akaomba kanisa limsamehe. Mchungaji Jairo, mzee mpole ambaye sauti yake ndogo ilihitaji kutegewa sikio, akamuuliza, “Ulidanganya kwa ajili ya nani, mama?”

“Kwa ajili ya binti yangu.”

Minong'ono ikaanza. Kanisa lile lote lilijua kwamba alizaa mara moja tu, akazaa mtoto wa kiume. Watu wakageuza vichwa huku na huku, wakimtafuta huyo binti kwenye mabenchi.

Nikasimama.