Mifuko Mitatu ya Loveday

Mzee alisukuma mlango kwa bega akaingia, matone ya mvua yakimtiririka kofiani, na mifuko mitatu mikubwa mikononi. Sikuwahi kumwona. Hakuweka chini hata mmoja.

"Hili bado ni duka la hospisi?"

Nilijibu kama nilivyofundishwa. "Tunasaidia watu wa hapa hapa, mzee."

"Na hospisi?"

"Na hospisi pia," nikasema. Sikuwa na hakika. Niliona tu asivyotaka kuiachia mifuko ile.

"Hizi ni nguo za Loveday, mke wangu. Kule hospisi ndiko walikomtunza hadi mwisho; walimwosha nywele asubuhi ile ile aliyofariki. Nani anafanya hivyo kwa mtu anayekwenda?" Akapangusa pua. "Mimi Jory Pascoe, jina langu liko kwenye orodha yenu. Bandikeni ile stika ya kodi, mkiuza, serikali iwaongezee sehemu ya kodi yangu. Loveday angenikaba koo nikisahau."

Nikapekua droo ya kaunta. Kamba, pini, vibandiko vya bei. Stika hakuna.

"Nitaitafuta. Leo hii zitafika hospisi."

"Unaahidi, binti?"

"Naahidi."

Ndipo akaachia mifuko, mmoja mmoja, akatoka.

Bi Ivy, aliyejitolea pale tangu duka lifunguliwe, alikuwa anapiga pasi blauzi nyuma ya pazia. Alitoa kichwa.

"Tamsin, umemdanganya mzee wa watu. Duka la hospisi lilihamia juu kule mwaka juzi. Huyu bosi wako Morwenna alichukua chumba, akaacha na rangi ile ile ukutani."

"Kwa hiyo sisi ni shirika gani?"

"Shirika!" Akacheka mpaka akakohoa. "Muulize mwenyewe."

"Sasa wewe unamfanyia kazi bure kwa nini?"

"Hita ya hapa inawaka, mwanangu. Ya kwangu naitazama tu, umeme ghali."

Miezi minne nilikuwa nimekuja pale kila siku bila mshahara, nikiamini kila sketi niliyoinyoosha inamfaa mgonjwa fulani. Tena nilimhitaji Morwenna Hosking, mwenye duka. Kila kazi niliyoomba tangu nihitimu ilidai uzoefu, na sasa shule ya msingi ya pale mjini ilikuwa tayari kunichukua niwe msaidizi wa darasa la kwanza. Ilisubiri barua yake ya kunipendekeza tu, mwisho saa kumi jioni ya siku ile. Alikuwa ameniahidi kuiandika baada ya chakula.

Morwenna akarudi anapangusa makombo midomoni. Nikamuuliza stika zilipo.

"Stika za nini, mpenzi? Hizo ni za mashirika ya hisani. Hii ni biashara yangu."

"Lakini kile kibao cha nje... mikono miwili, na moyo..."

"Hata bucha lina moyo." Alikuwa ameshafungua mfuko wa kwanza. Akachomoa koti la sufu la kijani, akalinusa kolani. "Hili safi. Hili naliuza kwenye mtandao leo leo."

"Mama Hosking, lile ni la hospisi. Nilimwahidi mwenyewe."

"Kikishavuka kaunta ni changu."

"Alivusha kwa sababu nilimwambia uongo."

Bi Ivy akazima pasi.

Nilitaka sana Morwenna aseme: haya, chukua, binti, nimekuelewa. Nilimtazama usoni nikilingoja neno hilo. Nadhani alikaribia.

"Toka nayo uone," akasema. "Ila barua usinitajie tena."

Niliwaza watoto wa darasa la kwanza, ambao majina yao nilikuwa nimeshaanza kuyajifunza. Mkono wangu ukalichukua koti polepole, kama unachukua kitu cha moto. Nikalikunja, nikalirudisha mfukoni, nikainua mifuko yote mitatu.

"We mtoto kichaa," Bi Ivy akanong'ona, akanishikia mlango.

Mtaa ule una mlima mkali na mifuko ilinikata vidole. Kila hatua nilisikia kama ninaitwa mwizi nyuma yangu. Nikageuka mara tatu. Hakukuwa na mtu. Ningeweza kurudi bado. Niliwaza hivyo hadi mlangoni kwa duka la hospisi, na hata ndani.

Mama wa kaunta alitazama nywele zangu zinazodondosha maji. "Pole, mwanangu. Jina la mtoaji?"

"Jory Pascoe. Nguo ni za mkewe, Loveday."

Akatafuta kwenye kompyuta. "Loveday! Huyu namkumbuka." Akatoa stika, akabandika ya kwanza, akaipapasa ishike.

Simu ikatikisika mfukoni. Ilikuwa shule. Saa kumi kasorobo.

Akabandika ya pili. Simu ikaendelea kutikisika. Nikasubiri mpaka ya tatu ishike vizuri, ndipo nikapokea.