Dalali Mwenye Maswali

Dalali Alute alinipokea kijijini Mkiwa akiwa na jembe begani. Nikamcheka.

"Dalali gani anakuja na jembe?"

"Utaona, mama Jesca. Unataka kulima zabibu kweli, au unataka picha za kurusha mtandaoni?"

Nilitaka kweli. Ekari moja tu ya zabibu za mvinyo, na Jesca wangu, aliyekuwa amelala mgongoni, akue akiona kitu chetu kinakua. Niliogopa tu kuuziwa ardhi kavu.

Alute akanipitisha kwanza shamba la jirani. Mizabibu ilikuwa imetambaa kwenye waya, vichala vimejaa. Kisha badala ya kusifia, akauliza: mbuzi wa jirani wakiingia shambani, utafanya nini?

"Nitawatoa, halafu niende kumsalimia mwenye mbuzi. Lakini kaka, mbona unanihoji kama umekuja kuposa?"

Alicheka mpaka Jesca akaamka. Tulipofika kwenye ekari inayouzwa, akanipa jembe. "Chimba mwenyewe, usije ukasema nilikudanganya."

Nikachimba. Juu udongo ulikuwa mkavu, lakini kwenye kina cha goti ukashikana mkononi, una unyevu. Moyo wangu ukatulia.

Bibi mmoja akatokea kwenye ile mizabibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete mjukuu." Akampakata Jesca, akamgeukia Alute. "Umemuuliza habari za mbuzi wangu?"

"Nimemuuliza, mama. Kasema atakuja kukusalimia."

Bibi akanitazama, kisha akaitazama ile ekari niliyoichimba, kumbe ni yake.

"Basi, muuzie."