Siku Sita za Kwenda kwa Bibi

Malori arobaini na mawili nayapanga kila wiki na hakuna hata moja linaloninunia. Watoto watatu na mke mmoja, ndani ya Jumamosi moja, walinitoa jasho mpaka shati likaninata mgongoni.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kupanga safari za malori. Nakaa ofisini na simu mbili, ubao mweupe, na fomu ambayo ningeweza kuijaza nimefumba macho: saa ya kuondoka, kituo, dakika za kusimama, saa ya kufika, saa ya kugeuza. Madereva wamenibandika jina la Dakika na wanadhani sijui. Dereva akiniambia, "Bosi, nipo hapo karibu tu," namuuliza anaona nini dirishani, na hapo ndipo anapoanza kukohoa. Njia ya mwongo ni fupi.

Kwa hiyo mke wangu aliposema tuwapeleke watoto kwa mama yake, nani mwingine angepanga?

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Nusu ya watoto wa mji wao wamesoma na sare alizozishona yeye. Sasa ana presha ya macho, na daktari hakuzunguka mbuyu: dawa zinachelewesha tu, kabla mwaka haujaisha hataona tena. Mjukuu wake wa mwisho, huyu wetu wa miaka minne tunayemwita Panzi kwa kuwa hatembei, anaruka, hajawahi kumwona ila kwenye simu. "Nileteeni niwaone," alituambia, "wakati bado naona." Mke wangu alilia jikoni siku ile, akiwa ameshika mwiko. Mimi nikaenda kuomba likizo. Nilibembeleza nipewe wiki mbili, nikapewa siku sita.

Lori letu likiondoka alfajiri, linafika mji ule kesho yake saa kumi jioni. Mambo mepesi, nilidhani. Nikaitandaza ramani kwenye meza ya chakula, nikachukua fomu ya kazini na kalamu ya risasi, nikawaita wote.

"Watoto si magunia ya saruji," mke wangu alianza hata kabla sijakaa. Yeye ni muuguzi wa wodi ya watoto, na kwenye mambo ya watoto hana mpinzani. "Kila baada ya saa mbili wanyooshe miguu. Na si kusimama tu kando ya barabara kukojoa. Wapate mahali pa kucheza. Panzi akikaa sana atatapika, na gari ni lako."

Nikakubali. Gari ni langu kweli, na viti nimevisafisha juzi.

Binti yetu mkubwa ana miaka kumi na miwili na tunamwita Wakili. Alikuja na daftari. Alikuwa ameshaorodhesha vituo vya njia nzima, na cha kwanza kilikuwa bwawa la kuogelea lenye mteremko wa maji. Nikaandika dakika thelathini. Akachungulia fomu yangu, akanitazama kama hakimu anavyomtazama mwizi wa kuku.

"Baba, nusu saa ni kulowa. Siyo kuogelea."

"Unataka ngapi?"

"Saa tatu. Na kuna kubadilisha nguo."

Nikafuta, nikaandika saa tatu. Mdogo wake wa miaka minane akadakia hapohapo kwamba yeye hataki maji, anataka mamba. Kuna mahali wanafugwa, na wanalishwa saa tisa alasiri, mara moja tu kwa siku. Tukipita asubuhi tutawakuta wamelala kama magogo. Kwa hiyo ni lazima tufike kabla ya saa tisa, tuwaone wakila, na baada ya hapo huwezi kwenda mbali, giza litakukuta njiani. Maana yake tulale pale pale.

"Tulale kwa mamba?" nikauliza.

"Karibu na mamba," akanisahihisha.

Panzi yeye alitaka bembea. Nikamuuliza ipi, maana ziko mbili njiani, moja kwenye hoteli na nyingine kwenye bustani ya mji. Akasema zote, akaruka kutoka kwenye kiti na kumwaga chai juu ya ramani. Miji mitatu ikazama palepale.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Nikisogeza bwawa mbele, mamba wanakuwa wameshakula. Nikitanguliza mamba, bwawa linakuwa limefungwa. Nikaweka bwawa kwenye kurudi, Wakili akasema huo ni uonevu, kwani mdogo wake anapata vyake akiwa na hamu na yeye anapewa vyake akiwa amechoka. Mdogo wake akasema, "Basi kaogelee kwa mamba." Wakavutana daftari, likachanika. Mke wangu akauliza kwa upole, ule upole wa kuchokoza, kama nimekumbuka usingizi wa mchana wa Panzi. Sikuwa nimeukumbuka. Nikafuta tena. Karatasi ikatoboka.

Nilikasirika, nasema kweli. Nikaipiga meza kwa kiganja nikawafokea kwamba madereva wangu ni watu wazima wenye ndevu, nikiwapa ratiba wanaipokea na kusema ahsante bosi.

"Wanasema ahsante, halafu wanakuita Dakika," mke wangu akanijibu. "Na hapa hatukubeba saruji yako, usitupigie kelele."

Watoto wakacheka. Nikanyanyuka, nikaenda uani, nikaangalia matairi ya gari ambayo hayakuwa na tatizo lolote, nikarudi.

Kufikia saa kumi jioni ratiba ilikuwa imekaa. Ilinigharimu fomu nne, lakini ilikaa. Bwawa siku ya kwanza, mamba siku ya pili, bembea zote mbili, usingizi wa Panzi ndani ya gari katika kipande cha barabara kisicho na matuta, na chakula kabla hakujawa na foleni. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi. Wakili aliikagua mstari kwa mstari na hakupata pa kutilia pingamizi. Mke wangu alikuwa bafuni akimwosha Panzi chai, akaniambia kwa kupaza sauti nimpigie mama nimsomee, yeye anakuja. Nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyeitwa kuamua kesi ngumu akaimaliza bila kumpa mtu yeyote kisogo.

Nikampigia mama mkwe, nikaweka sauti ya simu wazi ili watoto wamsikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmeshapanga?"

"Tumepanga, mama. Kila kitu." Nikamsomea. Alicheka kwenye mamba, akaguna kwenye saa tatu za bwawa, akauliza kama maji hayo si ya baridi. Nikamhakikishia. "Na kwako tunafika siku ya tatu, saa moja usiku."

"Saa moja usiku," akarudia. "Haya. Na mnaondoka lini?"

"Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, mama, tuwahi kabla barabara haijajaa."

Nikadhani simu imekatika, nikaita, "Mama?"

"Nipo, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ileile, haikupanda wala haikushuka. "Ni vizuri. Watoto wacheze, safari bila michezo ni adhabu. Ila usiku mimi sioni kabisa siku hizi, hata taa ikiwaka. Lakini haidhuru. Mkifika nitawapapasa."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Panzi alikuwa amejificha ndani ya taulo lile, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Tutakupigia tena, mama," nikasema. Nikakata simu kabla sijaaga vizuri, jambo ambalo sijawahi kumfanyia.

Niliishika ile fomu nikaisoma tangu mwanzo. Kuondoka, kituo, dakika za kusimama, kufika, kugeuza. Miaka kumi na moja naijaza, na kati ya kufika na kugeuza hakuna kitu, kwa sababu lori likifika linashusha mzigo na linageuza, na kushusha ni shauri la mwenye mzigo. Mamba nilikuwa nimewapa saa mbili. Bembea ya bustani nilikuwa nimeipa dakika arobaini, na kumi za kulia wakati wa kuondoka. Mama yake mke wangu nilikuwa nimempa giza.

"Ungeniuliza," mke wangu akasema.

"Ulikuwa hapa! Wewe ndiye uliyesema saa mbili mbili, wewe ndiye—" Nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Alikuwa hapa, kweli, na watoto walikuwa hapa, na wote tulikuwa tumegombania kila dakika ya siku sita. Lakini mwenye kalamu nilikuwa mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Mke wangu hakunifokea. Alikaa kwenye kiti kilicholowa chai, akampakata Panzi, akasema, "Futa."

Nikachukua fomu mpya. Bwawa likaenda. Wakili alifungua mdomo, mama yake akamtazama, akaufunga. Bembea ya hoteli ikaenda, na ya bustani ikafuata. Nilipofika kwa mamba, mwanangu alikuwa ameshaanza kutetemeka kidevu.

"Hao usiwafute, baba."

"Tutawaona mwaka mwingine."

"Mwaka mwingine lini?"

"Mwaka mwingine, nimesema!"

Akaangua kilio. Hakulia kwa adabu, alilia kwa kupiga miguu, na Panzi, ambaye hakujua tunazozana kuhusu nini, akamsindikiza. Nikawaacha. Niliandika: siku ya kwanza, kusimama kila baada ya saa mbili, dakika kumi na tano, wakimbie popote penye uwazi. Siku ya pili vivyo hivyo. Kufika saa kumi jioni, jua bado lipo. Chini yake nikachora mstari mpya kwa mkono, maana fomu haikuwa na nafasi hiyo, nikaandika: kukaa.

Mwanangu alikuwa amefika kwenye kwikwi. "Sasa huko tutaangalia nini?" akauliza. "Hakuna mamba, hakuna kitu. Tutaangalia nini?"

Nilitegemea mama yake ajibu. Aliyejibu ni Wakili, akiwa ameinamia daftari lake lililochanika, hamtazami mtu.

"Hatuendi kuangalia. Tunaenda bibi atuangalie sisi."

Mdogo wake akafuta kamasi kwa mkono wa shati. Alifikiri kidogo. Akanigeukia mimi, si dada yake, kwa sababu katika nyumba hii maswali ya muda huwa naulizwa mimi.

"Atatuangalia kwa muda gani?"

Nikatazama fomu. "Siku mbili na jioni moja," nikamwambia. Nilizihesabu tena kwa kidole, kutoka juu hadi chini. Hazikuongezeka.