Kiki ya Ijumaa Kuu

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Salu kavua shati, kajifunga shuka jeupe kiunoni, kichwani kavaa taji la matawi ya mgunga na miiba yake yote, begani kabeba msalaba. Damu inamchuruzika usoni. Ile damu ilikuwa sosi ya nyanya ya muuza chipsi wa stendi, na nzi walimfuata mpaka mwisho wa kazi. Nyuma yake shamba la pamba, bado la kijani. Chini wameandika kwa herufi kama wino uliomwagika: MISUMARI MITATU, INATOKA JUMATATU YA PASAKA.

Wimbo haukuwa na Yesu hata robo. Ulikuwa wa demu mmoja aliyemwacha Salu akaenda kuolewa na mnunuzi wa pamba wa Maswa. Msumari wa kwanza ni simu kutopokelewa. Wa pili ni kumwona kapakiwa kwenye gari la jamaa. Wa tatu ni Salu kutumiwa kadi ya mchango wa harusi.

Wazo la picha lilikuwa la Hamimu. Hamimu ana duka la simu pale stendi ya Bariadi, anaingiza nyimbo kwenye memori kadi, na ndiye meneja wa Salu kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Nyimbo za mwanzo za Salu zilisikilizwa na Salu. Hamimu akamweleza wazi kwamba sauti anayo, tatizo nchi nzima imejaa watu wenye sauti. Kinachotakiwa ni kiki, watu wakasirike. Mtu akikasirika hawezi kukaa nayo peke yake, anamtumia mwenzake ili wakasirike wawili. Salu akasema mambo ya dini yana moto, watafute kitu kingine.

"Ya kwetu Waislamu ukigusa nakufukuza hapa dukani mimi mwenyewe," Hamimu akasema. "Ya kwenu ni yako. Nani atakugombeza kwa kukaa sebuleni kwenu?"

Salu akaona ni kweli. Na msalaba alijua pa kuupata.

Kule kwao Sapiwi, kwenye kigango cha Wakatoliki, kuna msalaba mkubwa unaosimama kwenye kona mwaka mzima ukisubiri Ijumaa Kuu. Aliuchonga baba yake, mzee Mayige, fundi wa mikokoteni ya ng'ombe, kwa boriti ya mkokoteni wake mwenyewe uliovunjika. Hata alama yake aliiweka kwa chini, mistari miwili iliyolala, kama alivyoweka kwenye kila mkokoteni aliouza. Kila mwaka aliubeba yeye, kijiji kizima kikiimba nyuma yake. Alipoona ugonjwa haumwachi akasema Salu ataushika. Mzee akafa, Salu hakuushika. Aliacha shule kidato cha pili, akaja mjini kupakia marobota ya pamba kiwandani na kuimba, na tangu hapo msalaba unabebwa na yeyote mwenye mabega.

Basi akaenda Jumapili mchana, mama yake, Felisita, yuko kwenye sala ya jumuiya. Mama Felisita ndiye anayetunza funguo ya kigango. Anafagia, anafua vitambaa vya altare, anafukuza mbuzi mlangoni. Salu akaichukua funguo juu ya kabati, akafungua, akautoa msalaba. Mudathiri, mpiga picha wa maharusi aliyekuja naye na pikipiki, akapiga picha zake shambani, wakaufuta kwa kitambaa, wakaurudisha, wakafunga. Kichwani mwa Salu hapakuwa na wizi. Kitu cha baba ni cha mtoto. Ng'ombe ndivyo walivyo, shamba ndivyo lilivyo, msalaba kwa nini uwe tofauti?

Wakaiposti Jumatatu ya Wiki Kuu. Kufika Jumanne jioni ilikuwa imeshavuka Simiyu. Mchungaji mmoja, sijui wa wapi, alijirekodi akifoka mpaka mshipa wa shingo umesimama. Mwingine akataka akamatwe. Mwingine akamtetea, hao wawili wakaanza kutukanana, na Hamimu akawa anacheka peke yake nyuma ya kioo cha duka kama mtu aliyeokota ng'ombe. Alisema wanatutangaza bure hawa, Mungu awape afya. Kijiweni bodaboda wakambatiza Yesu wa Sosi. Akipita wanamuuliza kupanda mbinguni nauli kiasi gani na kama kuna siti ya dirishani.

Salu alicheka nao. Halafu akarudi chumbani kwake, akalala chali na simu juu ya kifua. Watu ambao hajawahi kuwaona walikuwa wanamjadili kama ndugu yao: wanamwombea, wanamlaani, wanamshauri aoe. Simu haikunyamaza. Mlango haukugongwa. Alikula wali maharage kutoka kwenye mfuko wa nailoni, amesimama, maana kukaa mezani peke yake alikuwa hakupendi.

Jumatano akapiga mama mdogo Martha, mdogo wake mama yake. Huyu mama hana breki. Alianza kwa kumuuliza kama amekufa, maana mtu hai hawezi kufanya vile. Kisha akamweleza. Pale Sapiwi picha ilifika kwenye simu ya mtu mmoja, na huyo mmoja akaona mistari miwili ya mzee Mayige chini ya msalaba. Kuja kuutazama, sosi imeganda kwenye ufa. Katekista Deogratias akamwita mama Felisita mbele ya wazee wa kanisa, akamuuliza msalaba ulitokaje na funguo anayo yeye.

"Akasema alikupa yeye," mama mdogo Martha alisema. "Mdomo wake huo. Kwamba uliomba, akakupa. Sasa wamemnyang'anya funguo, na wamemwambia asishiriki meza ya Bwana mpaka padri aje. Amekaa hapa kwangu anachambua mchele. Unataka kuongea naye?"

Salu akasema ndiyo. Kule simu ikabadili mkono. Mama yake akamsalimia vizuri tu, akamuuliza kama anakula, akamwambia mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja dhaifu. Akasema salio la Martha litaisha. Akakata. Hakugusa jambo lenyewe, na hilo ndilo lililomtoa Salu jasho. Angetukanwa angejitetea, alishajiandaa.

Akaenda dukani kwa Hamimu akamwambia anarudi nyumbani kusema ukweli: aliiba, mama yake hakujua chochote. Alitegemea ugomvi. Hamimu akaweka chini simu aliyokuwa anaifungua, macho yakamng'aa.

"Hapo sasa umekuwa msanii. Ijumaa Kuu, kanisani, unapiga magoti. Mudathiri anachukua kila kitu. Jumamosi tunaitupa, Jumatatu wimbo unatoka wenyewe kama maji."

"Sitaki kamera, Hamimu. Namaanisha."

"Ndiyo maana itakuwa nzuri, mdogo wangu. Ungeigiza wangekujua."

Salu akamwangalia kuona kama ni utani. Haukuwa utani, na wala haukuwa ubaya. Hamimu alikuwa anampenda kwa namna yake, kama mtu anavyopenda jogoo wake anayeshinda. Salu akamwambia mtu yeyote asimfuate, akazima simu, akaondoka.

Ijumaa asubuhi akashuka Sapiwi. Mama yake alikuwa uani amevaa kanga nyeusi ya msiba, kama wanawake wote siku ile, anamnywesha yule mbuzi dhaifu maziwa kwa chupa.

"Mwangaluka, mayu." Salu akamwamkia mama yake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wana wane."

Alisogeza kigoda kwa mguu ili mwanawe akae. Salu hakukaa. Alisema yote kwa mkupuo: funguo, sosi, Hamimu, demu wa Maswa. Akamuuliza kwa nini alidanganya mbele ya wazee.

"Ningesema umeiba ungekuwa mwizi wa kanisa," mama yake akasema. "Mimi nikisema nilikupa, nakuwa mama mjinga tu. Wamejaa hapa kijijini."

Akamfuta mbuzi mdomo. Halafu akasema lile alilokuwa amelikalia wiki nzima, bila kupandisha sauti.

"Miaka yote hii nakusubiri uubebe. Nilikuwa nasema mwaka huu atakuja. Sasa umeubeba, kwa mpiga picha. Mimi mama yako nimeuona kwenye simu ya mtu."

Mama yake akajifunga kanga vizuri, wakaenda kigangoni, yeye mbele, mwanawe nyuma kidogo.

Pale nje watu walikuwa wameshajaa kwa Njia ya Msalaba. Waligeuka wote. Kijana mmoja akauliza kama leo kaja na nyanya zake, wakacheka wachache, wazee wakawakata jicho. Salu akaenda moja kwa moja kwa katekista, akasema mbele ya kila mtu kwamba funguo aliichukua kabatini, mama yake hayupo, na kwamba alidanganya ili kumkinga. Hakupiga magoti. Aliogopa kupiga magoti, kwa sababu Hamimu alikuwa ameshayataja.

Katekista Deogratias ni mtu mkavu, alishawahi kumchapa Salu enzi za mafundisho ya komunio. Alitazama barabarani nyuma ya Salu.

"Kuna kamera?"

"Hakuna, mwalimu."

"Nakuuliza tena."

"Hakuna. Simu yenyewe nimezima tangu juzi."

Katekista akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akamrudishia mama Felisita palepale watu wakiona. Akasema kosa la kudanganya ataliungama kwa padri, ila kosa la msalaba halimo kwake. Mama akaifunga funguo kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. Halafu katekista akamwonyesha Salu ile kona kwa kidevu, kama mtu anayemtuma kuni.

"Ubebe basi. Baba yako hakuhitaji kuvua shati."

Siku ya picha Salu aliubeba kwa kujipinda kidogo ili uso uingie mwanga. Leo aliubeba inavyotakiwa, na ndipo akajua uzito wake. Boriti ya mkokoteni ni mti wa kuvuta magunia ya pamba matopeni, haina huruma na mfupa wa bega. Wakaanza. Kituo cha kwanza, cha pili. Watu wakaimba, vumbi likapanda. Nyuma yake karibu kabisa alikuwa anasikia miguu ya mama yake, ndala moja inaburuta. Hakuna aliyemwita jina lolote. Akafikiri, nikimaliza hii nitakaa mpaka Pasaka, nitakula mezani na mtu.

Kituo cha tatu, pale njia inapokutana na barabara ya Bariadi, pikipiki ilikuwa imesimama. Mudathiri alikuwa ameshapanda juu ya kichuguu, kamera jichoni.

Wimbo ulikatika vipande vipande, kuanzia mbele kwenda nyuma. Mtu akasema, "Si nilisema." Mwingine akasema kumbe hata ile funguo ilikuwa maigizo. Katekista akamtazama Salu, na Salu akatikisa kichwa, akasema sikumwita, mwalimu. Alisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa sauti ya mtu anayedanganya.

Akamwendea Mudathiri na msalaba wake begani, akamwambia kwa sauti ya chini aondoke.

"Bosi kasema nisirudi mikono mitupu," Mudathiri akajibu bila kushusha kamera. "Halafu hivi unavyonifukuza ni safi sana, kaka. Rudia, ila usogee huku kidogo."

Salu akainua mkono ampige, akauacha hewani. Hata hilo lingekuwa safi. Na hapo akaona kamera imemwacha yeye, imepita juu ya bega lake. Akageuka. Mama yake alikuwa amesimama peke yake katikati ya njia, wenzake wamejitenga hatua kadhaa, kashika lile fundo la kanga kwa mikono miwili, machozi yanatoka hayafuti.

"Huyo mama," Mudathiri akanong'ona. "Huyo mama ndiyo wimbo wenyewe."

Salu alielewa kila kitu kwa mara moja. Akibaki, kamera inabaki. Akilia, akigombana, akieleza, yote yataingia, na uso wa mama yake utakwenda kukaa kwenye simu za watu wa kijiweni, chini yake wameandika Jumatatu ya Pasaka. Mudathiri hakutumwa kufuata Njia ya Msalaba. Alitumwa kumfuata Salu.

Akarudi, akamkabidhi katekista msalaba. Deogratias akaupokea. Mama yake akasogea, akamshika kiwiko.

"Unakwenda wapi?"

Kamera ilikuwa hapo. Angemwambia kwa nini, nalo lingeingia kwenye kamera.

"Mjini, mayu."

Mkono wake ukamwachia kiwiko taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeachia kitu alichokosea kukichukua. Uso ule Salu aliujua, ndio aliomwonyesha siku anaacha shule.

Akatembea mpaka kwenye pikipiki bila kugeuka, akapanda siti ya nyuma, akamwambia Mudathiri waende la sivyo anaiwasha yeye. Mudathiri akasita, akatazama kundi, akamtazama Salu. Mtu wake alikuwa ameshapanda. Akafunga kamera kwenye begi, akawasha.

"Tunakwenda kupiga wapi sasa?"

"Wewe endesha."

Wakatoka na vumbi. Nyuma yao wimbo ulianza upya, kwanza wanawake wawili watatu, halafu wengine wakaudaka, maana kituo cha nne kilikuwa bado na jua lilikuwa linapanda. Salu akageuza sikio, akijaribu kuichambua sauti ya mama yake kati ya zile. Mudathiri akaongeza mwendo, na injini ikameza zote.