Maji ya Pampu ya Kanisa

Nzilani binti Musembi aliingia chuo kikuu Nairobi mwaka 1971 kusomea kemia. Kijijini kwao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Tulia, hakuna aliyejua hasa hiyo ilikuwa kazi ya nani. Mwalimu walimjua, nesi walimjua, karani wa chifu walimjua. Siku alipokuwa akifunga sanduku lake, baba yake alisimama mlangoni. Mzee Musembi alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

"Hiyo kemia, ukimaliza unaitwa nani?"

"Mkemia, Baba."

"Na mkemia anafanya nini?"

"Anatafuta kujua kitu kimetengenezwa na nini."

Mzee alifikiri kidogo. "Basi utakuwa mwalimu," akasema, akaenda kufungulia mbuzi.

Darasani walikuwa thelathini na wanane, wasichana wanne. Muhula wa kwanza Nzilani alivunja bureti mbili, zile bomba za kioo za kupimia, na kuunguza kitambaa cha meza kwa asidi. Mwenzake wa maabara alikuwa Abdow, mtoto wa wafanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, ambaye tangu siku ya kwanza alijua alichofuata. "Ngozi zinatoka kwetu mbichi, zinarudi viatu," alikuwa akisema. "Nataka kujua hapo katikati kunatokea nini." Alipomaliza alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha ngozi. Wengine wakawa walimu, mmoja akaajiriwa na serikali kupima sumu kwa ajili ya kesi za mahakamani, wawili wakauza dawa za hospitali wakizunguka nchi nzima na mikoba. Nzilani aliandika barua tisa za kuomba kazi. Aliyejibu ni mmoja tu, kiwanda cha bia.

Kanisa lao halikuruhusu pombe hata ya kuonja. Mtu akionekana kilabuni alisimamishwa mbele ya washarika siku ya Jumapili. Nzilani alikwenda nyumbani kumwambia baba yake ana kwa ana, kwa sababu aliona barua ingekuwa woga.

"Utaionja?" Mzee Musembi aliuliza.

"Hapana. Kazi yangu ni maji. Bia karibu yote ni maji, na maji yakiwa mabaya bia inaharibika. Kila asubuhi nitayapima."

Mzee hakukubali wala hakukataa. Kanisani, mtu akimuuliza habari za binti yake, alisema yuko kiwandani Nairobi. Hakuna aliyeuliza kiwanda gani. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi.

Katika miaka hiyo Nzilani alijua maji vizuri kuliko kitu kingine chochote. Alijua chokaa, chuma na chumvi, na alijua ni kipi kinaharibu ladha na kipi kinaharibu bomba. Alipewa wasaidizi wawili. Kila Krismasi alikwenda nyumbani kwa siku nne.

Mwaka 1977, kwa msaada wa wafadhili, kanisa lilichimbiwa kisima kirefu chenye pampu ya mkono. Kabla ya hapo wanawake walikwenda mtoni, saa mbili kwenda na zaidi ya hapo kurudi, wakafukua mchanga mpaka maji yatoke. Mzee Musembi aliwekwa mwenyekiti wa kamati ya pampu. Ukame wa mwaka 1984 ulipokuja, ng'ombe walikufa na mahindi yakakauka yakiwa na urefu wa goti, lakini pampu haikukauka. Watu walisema kijiji kiliokolewa na pampu hiyo, na walikuwa wakisema kweli.

Pasaka ya mwaka 1985 Nzilani alikuwa nyumbani. Alikaa uani akimsuka Mumbua, binti wa kaka yake Mutunga, mtoto wa miaka minane. Mtoto alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja haraka, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo.

"Hebu nione," Nzilani alisema.

"Hapana, shangazi."

"Mumbua. Nione tu."

Meno ya mbele, yale mapya, yalikuwa na madoa ya kahawia na mistari myeupe kama chaki. Nzilani alimaliza kusuka. Kisha akazunguka nyumba za jirani akiwasalimia watu na kuangalia vinywa vya watoto. Watoto waliozaliwa baada ya pampu, karibu wote waliokwisha kuota meno ya ukubwani, walikuwa hivyo. Wakubwa wao walikuwa na meno meupe.

Alirudi Nairobi na vibuyu viwili vya plastiki, kimoja cha maji ya pampu, kingine cha maji ya mchangani. Alimwomba mkuu wake ruhusa, akapima baada ya saa za kazi. Maji ya mchangani hayakuwa na neno. Ya pampu yalikuwa na miligramu saba za floraidi, madini yatokayo kwenye miamba, kwa lita, na kikomo cha maji ya kunywa kilikuwa moja na nusu. Alipima mara tatu kwa siku tatu tofauti, kwa sababu alitamani awe amekosea. Hakuwa amekosea.

Aliandikia ofisi ya maji barua yenye matokeo hayo. Kisha, bila kungoja jibu, akaenda kumwonyesha baba yake karatasi.

"Maji ni safi," Mzee alisema. "Yanaonekana mpaka chini ya ndoo."

"Ni safi, Baba. Hii haionekani, na ukichemsha haitoki. Inaingia kwenye meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi. Akiinywa miaka mingi inaingia kwenye mifupa."

"Unataka pampu ifungwe?"

"Hapana. Mifugo inywe, nguo zifuliwe, watu waoge. Ila watoto wadogo na wenye mimba wanywe ya mchangani, au ya mvua."

Mzee Musembi aliishika ile karatasi kwa muda mrefu, ingawa iliandikwa kwa Kiingereza na yeye alisoma Kikamba tu. "Jumapili utawaambia mwenyewe," akasema.

Jumapili, baada ya ibada, Pasta Nzomo alimpa nafasi. Nzilani alieleza polepole kwa Kikamba, bila namba nyingi. Alipomaliza, aliyesimama ni Kasyoka, mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mrefu mwenye kovu la ukanda wa mtungi kwenye paji la uso.

"Mimi nilibeba maji kutoka mtoni nikiwa na mimba ya miezi minane," Kasyoka alisema. "Niliangukia kwenye kile kilima. Mtoto hakuishi. Wewe ulikuwa shuleni. Leo unatuambia turudi huko kwa sababu ya rangi ya meno?"

"Si rangi peke yake, mama."

"Ngoja. Nakuuliza. Haya mambo ya maji umejifunzia wapi?"

Nzilani angeweza kujibu kwamba chuoni, na usingekuwa uongo mtupu. Alimwangalia baba yake kwenye benchi la wazee. Mzee alikuwa akitazama sakafu.

"Kemia nilisoma chuo kikuu," alisema. "Lakini maji nimejifunza kazini. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha bia."

Nyuma mtu alicheka, na mwingine akasema kwa sauti, "Kumbe tunafundishwa maji na watu wa pombe!" Kelele zikapanda. Pasta Nzomo alinyoosha mikono kuwatuliza, kisha akamgeukia Mzee Musembi.

"Mzee, wewe ulijua?"

Mzee Musembi alisimama, akapeleka mkono kichwani kuvua kofia, kisha akagundua alikuwa ameishika. "Nilijua," alisema. "Miaka kumi nimejua. Kosa la kuficha ni langu, mnihukumu. Lakini maji msiyahukumu kwa kosa langu. Angalieni vinywa vya watoto wenu."

Walimhukumu. Wiki hiyo hiyo baraza lilimwondoa kwenye uzee wa kanisa kwa miezi sita, na kwenye kamati ya pampu kabisa. Kuhusu maji, hakuna lililoamuliwa, na ofisi ya maji ilikuwa bado haijajibu. Nzilani alirudi kazini. Alimwandikia baba yake barua ya kuomba msamaha, na Mutunga akamjibu kwa niaba yake kwa mstari mmoja: Baba anasema hakuna cha kusamehewa, na anauliza maji ya mvua ya bati yenye kutu ni mazuri au mabaya.

Jumatatu baada ya hukumu ile, Mzee Musembi alifunga mitungi minne juu ya punda akaenda mtoni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Alifukua mchanga mwenyewe, akajaza, akarudi jua likiwa utosini, akamwambia mke wa Mutunga kwamba hayo ni ya kunywa watoto. Alifanya hivyo mara tatu kwa wiki. Watu walimcheka kidogo, kisha wakazoea. Wiki ya tano Kasyoka alimngoja njiani. Hakutaja bia, hakutaja kanisa. Alimwuliza kama punda angeweza kubeba mtungi mmoja zaidi, kwa ajili ya mjukuu wake aliyekuwa ameachishwa ziwa.

Baadaye nyumba kumi na moja zilikuwa zikifanya hivyo. Nyumba nyingine, nyingi zaidi, hazikufanya, na huwezi kuzilaumu sana, maana si kila nyumba ilikuwa na punda. Mwaka 1988 kanisa lilijenga tangi la saruji la kukinga maji ya bati, na Kasyoka ndiye aliyesimamia akina mama walioponda kokoto. Mzee Musembi alikuwa amekwisha kurudishiwa uzee wake. Kamati ya pampu hakuitaka tena.

Nzilani alibaki kiwandani mpaka mwaka 1991. Watu wa Kitui na Makueni, walimu wakuu na mapasta, walimletea maji ya visima vyao, na mkuu wake alimwachia vyombo jioni. Kisha alihamia chuo cha ualimu kufundisha kemia, kazi ambayo baba yake alikuwa amempangia tangu mwanzo. Mzee alifurahi.

Mumbua, wakati huo, alikuwa msichana mkubwa, akijifunza ushonaji katika mji wa Wote. Meno yake hayakubadilika, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuota. Mdogo wake, aliyezaliwa mwaka ule wa ukame, alikuwa na meno meupe. Siku moja Mumbua alipomtembelea shangazi yake, wakiwa wanachambua mchele, aliuliza bila hasira:

"Shangazi, pampu ilikuwako tangu nizaliwe. Na wewe ulikuja kila Krismasi. Mbona hukuyapima mapema?"

Nzilani aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Nilikuwa napima maji kila asubuhi," alisema, "na nikija nyumbani nakunywa chai ya maji ya pampu kama kila mtu. Sikufikiria."

Mumbua alitikisa kichwa kukubali. Akasogeza ungo karibu, wakamalizia mchele.